Mizinga ya Mvumo

Jumatano, 2 Agosti 1916

Nguo za altare zimefuliwa, zimeanikwa, zimekauka. Jua kali na upepo wa mlimani. Wasichana wangu wa darasa la kushona walikuwa kwenye pindo ndege ya Waingereza ilipokuja. Hawakuinua hata kichwa. Imekuja wakati uleule wa jana na juzi, baada ya misa ya asubuhi, kutoka upande uleule wa kaskazini. Sista Mkuu akatuamuru tuingie kanisani. Tukaingia na sindano zetu.

Wanataka stesheni. Morogoro nzima inajua wanataka stesheni, hata mbuzi. Ndiyo maana kila asubuhi wafanyakazi wa reli huyasukuma mabehewa mbali, ndege ikishapita huyarudisha. Mtu anayepigana hivi hana haraka au hana akili.

Leo bomu limeanguka mtoni. Samaki wameelea kwa wingi na wanawake wamewakinga kwa kanga zao. Gaspari, mume wangu mpenda samaki, aliacha kazi ya useremala akakimbia nao. Kaleta kambare mnene. Tumemla kwa ugali. Mwingereza asante.

Ijumaa, 4 Agosti

Gaspari kaitwa bomani. Siku hizi mwanamume akiitwa bomani anatwishwa mzigo kichwani, na mkewe anasikia habari zake kwa watu.

Karudi anacheka.

Wanataka mizinga. Mizinga ya miti. Ni fikra ya Bwana Luteni, yule Mjerumani mrefu mwenye ramani aliyoigongomea kwenye ubao, anatembea nayo kwapani kama mtu aliyebeba jogoo. Mjini wanamwita Bwana Ramani. Anasema mizinga ya uongo ikiwekwa uwandani Mazimbu, ndege zitaiona kutoka juu, zitaiacha stesheni na kwenda kumaliza mabomu yao huko, kwenye nyasi. Kwenye ramani yake Mazimbu pale ni peupe. Hamna kitu.

Gaspari anasema ni akili nyingi. Mimi pia nilisema ni akili. Nimeandika hivyo nisije nikajidai baadaye kwamba niliona mbali.

Jumatano, 9 Agosti

Nimekwenda Mazimbu kuiona mizinga.

Shina la mvumo, mti ule unaofanana na mnazi, refu, limechongwa kwa tezo likawa mviringo mzuri. Kinywa kimetobolewa kwa patasi. Masizi na mafuta ya mbarika juu yake, jeusi tii. Chini magurudumu ya mikokoteni iliyovunjika. Nilisimama nikaogopa kweli. Gaspari hakuutazama mzinga, alinitazama mimi. Alipoona nimeogopa uso ukamng'aa. Akanishika mkono akanizungusha nyuma, nikaona mti mtupu na mjusi amekaa. Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Nyapara wa wapagazi waliokata ile mivumo anaitwa Feruzi. Mmanyema, askari wa zamani, mguu mmoja unaburuta kwa jeraha la vita vya zamani. Mkali. Hukunja uso hata anapokunywa maji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Mumeo anachonga uongo mzuri kuliko watu wanavyochonga ukweli."

Anamwita Gaspari "fundi wa uongo". Gaspari anamwita "Jemadari wa Mivumo". Wanagawana tumbaku. Wanaume wakipendana hutukanana, basi hawa wanapendana sana.

Ijumaa, 11 Agosti

Ndege zimekuja. Zimepita juu ya mizinga ya Gaspari bila hata kuinama kuitazama.

Zikaenda stesheni kama kawaida. Zikaikosa kama kawaida. Bomu moja limeangukia bustani ya mzungu mkubwa wa boma. Kabichi zimeruka. Jani moja limekutwa juu ya paa la duka la Banyani. Wapishi wa bomani wamecheka kwa siri, kisha wakapika kabichi.

Gaspari kaumia. Si kwa mabomu. "Hata kutazama, Klara!" Alisema hivyo mara nyingi, anakula, anasema tena. Nikamwambia wazungu wa juu hawajui kazi nzuri. Akatulia.

Jumapili, 13 Agosti

Amri mpya. Bwana Ramani kakaa na ramani yake akagundua kwamba mizinga bila watu haimdanganyi mtu.

Kwa hiyo sasa pawe na watu. Feruzi na wapagazi wake wakae Mazimbu mchana na usiku, kwenye mahema ya magunia. Watembee kwa mistari kama askari. Wakisikia ndege wawashe moto wa majani mabichi, moshi upande, Mwingereza ajue kuna kambi. Na fundi akae nao. Upepo ukiangusha mzinga, ausimamishe.

Fundi ni mume wangu.

Nimekasirika. Chambo cha panya kwa kawaida ni kipande cha muhogo. Huyu Bwana kaweka watu, na mmoja ni wangu.

Gaspari alifunga randa, msumeno na blanketi. Anaona kama mzaha. Akasema, "Klara, hawa watu hawajaweza kulipiga jumba la stesheni. Watanipiga mimi?" Nikamfungia karanga. Asiyejua kulenga ndiye ninayemwogopa, kwa sababu hata yeye hajui atakayempiga.

Jumanne, 15 Agosti

Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni. Misa nzuri. Waimbaji wachache, wanaume wengi wamejificha.

Baada ya misa nikaenda Mazimbu na ugali wa moto na maharage. Nilitazama kila mahali. Hakuna handaki. Uwanda mtupu, mizinga, mahema ya magunia, watu. Ndege ikija watajificha wapi? Nikamwuliza Feruzi.

Akasema aliomba majembe. Alikwenda mwenyewe bomani kwa mguu wake ule. Bwana Ramani kamjibu majembe yote yako kazini relini, na tena handaki halimo kwenye mpango. Feruzi aliniambia hayo amesimama wima, macho mbele, kana kwamba amri ni yake. Halafu akatema mate pembeni. Hilo la kutema lilikuwa lake.

Gaspari mchafu. Kakonda. Kamchongea kila mpagazi kijiko kwa vipande vya miti. Nilimpangusa masizi shavuni mbele ya watu, mimi nisiyeshikana naye mkono hata sokoni. Feruzi akageuka kutazama mlima kwa adabu.

Alhamisi, 17 Agosti

Nimekwenda kwa Sista Mkuu kuomba majembe ya bustani ya misheni. Nikamweleza yote. Ni mama mzee, Mjerumani wa mpakani huko Ulaya, vita imemkatisha usingizi. Akasema bustani imechoka, ipumzike juma hili. Akaondoka bila kuniambia ndiyo.

Mimi na Monika mpishi tukayabeba kichwani mpaka Mazimbu.

Udongo wa mbuga wakati huu ni tofali. Jembe linalia, halizami. Wamechimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, na shimo linamfika mtu magotini. Afadhali magoti. Feruzi hakuzuia. Hakuruhusu pia, hana amri. Aligeuza jamvi lake akakaa anaelekea Uluguru kuanzia walipoanza mpaka walipomaliza. Niliona mabega yake. Alikuwa anasikiliza kila jembe.

Nimempenda mzee yule.

Jumapili, 20 Agosti

Ndege zimeiona mizinga.

Mpagazi mmoja kaja kunipa salamu za Gaspari. Bomu limeanguka karibu, hakuna aliyeumia, gurudumu moja limevunjika. Wote walilala kwenye lile shimo la magoti, migongo nje kama viboko mtoni. Gaspari anasema nisiogope. Anasema pia kwamba Waingereza hatimaye wamejua kazi nzuri.

Bwana Ramani kapeleka shukrani zake. Na amri: gurudumu litengenezwe upesi.

Gurudumu! Watu aliwaulizia? Hakuwaulizia.

Jumatatu, 21 Agosti

Mji unahama na hakuna anayesema unahama. Nyumbu wenye mizigo, wapagazi kwa mistari mirefu, wote wanaelekea milimani. Mizinga nimeiona leo, ile ya chuma, inaburutwa kwa kamba, watu wanakokota huku wanaimba kwa sauti za kuchoka. Haifanani na ya Gaspari. Ya Gaspari ni mizuri zaidi.

Harufu ya nafaka inayoungua toka upande wa ghala. Kuna watu hawajala tangu juzi, na unga unachomwa ili Mwingereza asiupate.

Wanawake wanawaficha waume zao migombani. Wa kwangu yuko wazi uwandani kwa amri.

Nampenda. Sijapata kumwambia. Kwetu hatusemi, tunapika. Leo sina wa kumpikia.

Jumatano, 23 Agosti

Niandike taratibu.

Asubuhi nilimkuta Bwana Ramani mbele ya boma, yuko juu ya nyumbu, sanduku nyuma, ubao kwapani. Anaondoka. Nikasimama mbele ya nyumbu. Sijui nguvu nilizitoa wapi.

"Bwana Mkubwa, watu wa Mazimbu nao wanaondoka leo?"

"Watu gani?"

"Wale wa mizinga ya miti, Bwana. Feruzi na wapagazi. Na fundi."

Akafikiri. Niliona kabisa anafikiri, kama mtu anayetafuta jina la mtumishi wa zamani. Kisha akasema lile jambo la mizinga limefutwa tangu juzi. Mizinga ya kweli imeshaondoka, hakuna tena cha kuficha.

"Nani amewaambia, Bwana?"

Akatazama ramani yake. Wallahi, aliitazama, kana kwamba jibu limo. Akasema wataambiwa. Akampiga nyumbu teke, akaenda.

Hakuwa mkatili. Hilo ndilo linaloniumiza. Angekuwa mkatili ningejua pa kuweka hasira yangu. Aliwasahau tu.

Nikakimbia Mazimbu. Sikupita hata misheni kuaga. Nilijiambia ndege za leo zimeshapita asubuhi, hazina kawaida ya kurudi, nina mchana mzima.

Niliwakuta wanatembea kwa mistari. Mchana wa jua kali, wamechakaa, wanatembea kwa mistari kuilinda mivumo. Gaspari alikuwa juu ya mzinga anagonga msumari. Aliponiona akashuka, uso ukabadilika. Nikampita. Nikaenda kwa Feruzi kwanza.

"Baba, mpango umefutwa. Wazungu wanahama. Ondokeni."

"Cheti?"

"Sina."

"Askari wa kuleta amri?"

"Hakuna. Wote wako njiani na mizigo."

"Basi amri iko wapi?"

"Mdomoni mwangu, baba. Nimeisikia kwa Bwana mwenyewe."

Hakunidharau. Alisema polepole, kama anayemsikitikia mtu, "Mdomo wa mwanamke si amri, binti yangu. Nikiwaondoa hawa na Bwana akarudi, watachapwa wao kabla yangu. Nimeona watu wakinyongwa kwa kuacha lindo."

Wapagazi wamesimama wananitazama. Gaspari ananitazama. Nikajua nikisema Kiswahili mpaka jioni, hawatainua mguu.

Nikaunganisha visigino. Nikainua kidevu. Nikapaza sauti ile ya uwanja wa gwaride, kwa Kijerumani, maneno pekee ninayoweza kuyasema bila kukwama, yale ambayo Sista Mkuu huwaambia wasichana kila siku kabla ya chakula: nendeni mkanawe mikono, mmoja mmoja, bila kusukumana, na atakayechelewa atakula baridi!

Feruzi akasimama wima kama mwiko. Mguu mbovu na mguu mzima ikakutana. Wapagazi wakaruka.

Halafu mzee akasema, "Hiyo sasa ni amri."

Sijui kama aliniamini. Alikaa na wazungu miaka mingi, huenda aliyajua maneno ya kunawa mikono. Nadhani alikuwa anautafuta mlango na mimi nikamfungulia. Akapiga filimbi. Wakachukua mablanketi na vijiko vyao. Tukashika njia ya mkonge kuelekea mto Ngerengere, yeye nyuma ya wote, anawahesabu kwa macho. Gaspari aliniuliza kwa sauti ya chini niliwaambia nini. Nikamwambia. Akaziba mdomo kwa mkono wote, machozi yakamtoka kwa kucheka. Alikuwa anatembea na kucheka, randa begani. Huo ndio wakati wa mwisho alionisikia vizuri.

Tukasikia mngurumo.

Tangu vita ifike hapa hawajaja mchana. Leo wamekuja mchana.

Feruzi akasimama. "Moto," akasema.

Amri yake ilikuwa hiyo: ndege ikisikika, moto uwake. Nikamwambia yote yamefutwa, na moto pia. Akanitazama kwa upole kabisa.

"La moto hukulitaja."

Akageuka akakimbia kurudi, mguu ule unaburuta, mkono mfukoni unatafuta kiberiti. Gaspari akanitupia randa akamfuata. Nilipiga kelele. Wote wawili niliwaita kwa majina yao.

Mara hii walilenga. Ndege ambazo hazijapata kuipiga stesheni, hazijapata kulipiga daraja la reli, zilizoua kambare na kabichi, leo zimepiga pale zilipotaka. Zimepiga miti. Mizinga ya kweli iko milimani tangu juzi.

Vumbi lilipotua nilimkuta Gaspari kwenye shimo la magoti, amefunikwa udongo mpaka shingoni. Damu kwenye masikio. Alikuwa ananiita kwa sauti kubwa, kama mtu anayeita ng'ambo ya mlima, na mimi nimemshika kichwa.

Feruzi alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, kiberiti mkononi. Hakuwa na jeraha kubwa la kuonekana. Alikuwa amekwisha.

Moto wake ulikuwa umeshika. Moshi ulipanda mzuri, umenyooka, kama alivyoagizwa.

Alhamisi, 24 Agosti

Tumemzika Feruzi. Wapagazi wake walimbeba mpaka mjini, kwa Waislamu wenzake. Mwalimu wa msikiti akauliza ndugu zake nani. Wapagazi wote wakasema ni sisi. Watu waliochapwa naye, wakatukanwa naye. Ni sisi.

Mbao za mwanandani hazikupatikana, wauza mbao wamefunga na kukimbia. Gaspari akarudi Mazimbu. Mzinga mmoja ulikuwa haujaguswa. Akaupasua kwa msumeno, akaupiga randa pande zote mbili, masizi yakatoka yote, mti ukawa mweupe. Hakuna aliyemwambia apige randa, mbao za kaburini hazihitaji. Alipiga mpaka zikawa laini kabisa.

Hakupiga mluzi kama kawaida yake akiwa kazini. Nilidhani ni huzuni. Kisha nikamwita kwa nyuma, nikamwita tena. Hasikii kitu. Kulia kidogo sana, kushoto hamna.

Hakuniambia. Alikuwa ananisoma midomo tangu jana, akijifanya anasikia.

Ningetaja moto. Neno moja tu kwa Kijerumani, na hata silijui.

Ijumaa, 25 Agosti

Sista Mkuu katupa baraka na nusu ya jibini yake. Kasema majembe yabaki yalipo. Akanishika mashavu kwa mikono yote miwili. Nilikuwa sijapata kushikwa naye. Nimelia kwa hilo kuliko kwa mabomu.

Tumetoka kwenda Kinole, kwa mama. Kwenye njia panda askari walikuwa wanakamata wapagazi wa mwisho. Ombasha, mkubwa wao, akampigia Gaspari kelele asimame. Gaspari akaendelea kutembea. Wakamkamata, ombasha akamwuliza jina, Gaspari akatabasamu tu. Nikasema, "Baba, huyu ni kiziwi, bomu limemtoa masikio." Hakuniamini. Akaenda nyuma yake, akapiga bunduki hewani karibu na shingo yake.

Mimi niliruka. Wapagazi waliruka. Gaspari alikuwa anatazama kipepeo.

"Mtampeleka wapi huyu," ombasha akasema. "Ataagizwaje? Nendeni, nendeni."

Tukaenda. Nilimshika mkono njia nzima, mbele ya watu wote, na sikuona haya. Tulipofika kwenye kona, akaniuliza kwa sauti iliyojaa bonde zima: "ALIKUWA ANASEMAJE YULE?"

Nimecheka. Nilidhani sitacheka tena mwaka huu.

Jumapili, 3 Septemba

Kinole. Baridi, ukungu, migomba mpaka mlangoni. Vita imepita chini ya milima, huku tunaisikia kama ngoma ya watu wa mbali. Habari zinasema Waingereza wameingia Morogoro, wamekuta stesheni imevunjwa na Wajerumani wenyewe. Mabomu yote yale, na mwisho wenyewe ndio walioivunja.

Mama hakuwahi kumpenda Gaspari. Mtu wa mjini, alisema, anayefanya kazi amesimama. Ndoa ilipitishwa na mjomba, mama akakubali kwa sababu mjomba hapingwi. Tulipofika alimtazama, akatazama masikio yake, akaingia jikoni. Nikajua nitakuwa na kazi.

Sina kazi. Leo nimewakuta nyuma ya nyumba wanamenya ndizi. Mama anaongea. Anamweleza habari za jirani anayesogeza mpaka wa shamba, za magoti yake, za baba yangu marehemu na tabia zake, mambo ambayo hajaniambia hata mimi. Gaspari anatikisa kichwa kwa huruma mahali panapofaa. Hajasikia hata moja. Anamtazama uso tu.

Mama kaniambia jioni: "Mumeo ana adabu. Anajua kusikiliza."

Nimekubali.

Jumamosi, 9 Septemba

Siku mbaya. Gaspari katupa patasi mtoni. Alisema kazi ina sauti, mti humwambia fundi pa kukata, sasa mti umenyamaza. Alisema kwa kelele watu wote wakasikia. Kisha akaona wamesikia, akaona haya, akaenda kukaa peke yake kwenye minanasi mpaka giza.

Sikumfuata. Labda ningemfuata. Nilikaa na mama tukiwa tumenuna wote.

Namwonea uchungu. Nina hasira na kila mwenye ramani, wa huku na wa kule.

Jumapili, 10 Septemba

Mama kaingia mtoni asubuhi, na magoti yake yale, katoka na patasi. Kaisugua kwa mchanga. Kaiweka karibu na sahani ya Gaspari bila kumtazama, kisha akamwambia kwa vidole kwamba mlango wa zizi la mbuzi umeoza.

Jumatano, 13 Septemba

Ukungu umeondoka mapema. Uani pamejaa takataka za randa, harufu ya mti mbichi. Gaspari anapiga ubao wa mlango wa zizi. Anapitisha kiganja, anasimama, anapitisha tena. Sasa anasikia kwa kiganja, nadhani. Anafanya kazi polepole kuliko zamani.

Nilikuwa nachambua mchicha ndege ilipotokea. Peke yake, juu sana, inakwenda kusini kuwafuata Wajerumani. Watu wakaanza kukimbia. Mama akajirusha migombani na ungo wake. Jirani akaacha mbuzi. Kwa muda mfupi pakawa hapana mtu uani isipokuwa yeye, ameinamia ubao wake, hana habari.

Nami niliinuka kukimbia. Kisha nikamwona mgongo.

Sikumshtua. Nilikwenda nikasimama upande wake wa kulia, karibu. Akadhani nimekuja kusaidia. Akanionyesha kwa kidevu, nishike ncha ile nyingine isicheze. Nikaishika. Akaendelea. Mngurumo ukajaa bonde lote, ukatikisa hata maji kwenye mtungi, na chini ya vidole vyangu ubao ulikuwa unatetemeka kwa randa tu, huku na huku.

Ikapita.

Akainua kichwa, akatazama uani. "MBONA WATU WAMEJIFICHA?"

"Hamna kitu," nilimwambia kwa midomo.

Akaugeuza ubao upande wa pili. Nikaushika tena.